UZI: Mpiga gitaa wa Dublin aliyekwama na bendi mbili, kisha akawa fundi wa U2, R.E.M., Snow Patrol na Rokia Koné

Kinanda Mbovu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi Sinza. Redio iko juu ya kabati inakoroma, mara ukapigwa Chasing Cars wa bendi ya Snow Patrol. Kinyozi akazima mashine, akabaki ameishika karibu na sikio langu, akaimba kiitikio chote kwa Kiingereza cha kubahatisha, kisha akawasha na kuendelea na kisogo. Nikamuuliza hao ni nani. "Sijui bwana, ila huu wimbo upo tangu nasoma."

Sasa kama anayeimba hajulikani, prodyuza aliyekaa nyuma ya kioo cha studio atajulikana na nani? Nimerudi nyumbani nikasema leo nishushe uzi wa huyo mtu. Sio mfupi, atakayechoka apumzike arudi.

Jina lake ni Garret Lee, Mwairishi wa Dublin. Ulimwengu wa muziki unamwita Jacknife Lee, na ndiyo, limeandikwa kwa "k" moja wakati kisu chenyewe cha kukunja, jackknife, kina mbili. Kabla ya kuwa prodyuza alikuwa mpiga gitaa, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu gitaa halikumtoa.

Bendi ya kwanza iliitwa Thee Amazing Colossal Men. Vijana wa Dublin, wakasaini Virgin, kampuni kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 kila kampuni ya London ilikuwa inawinda U2 mwingine kule Ireland, kwa hiyo mkataba ulipatikana. Mauzo hayakupatikana. Bendi ikafa.

Baadhi yao wakajipanga upya London, wakachukua mpiga ngoma Mholanzi, wakajiita Compulsion. Safari hii hakuna mbwembwe: gitaa linalokwaruza, nyimbo fupi, hasira. Albamu ya kwanza, Comforter, ilitoka 1994, ya pili, The Future Is Medium, 1996. Ukiwauliza mashabiki wa punk wa Uingereza wa enzi hizo watakwambia ilikuwa bendi nzuri. Ila 1994 hiyo hiyo ndiyo bendi za Blur na Oasis zimekamata kila redio. Bendi nzuri ikapita kama basi la usiku, taa umeziona lakini namba hukuisoma.

Kwa hiyo huyu bwana, miaka ya 90 inaelekea ukingoni, ana bendi mbili kaburini na gitaa moja mkononi. Nakuja.

---

Mwana wa Gezaulole

Nimeweka mkeka. Ila usije ukatuacha njiani kama uzi wako ule wa Cavasha.

---

Kinanda Mbovu

Cavasha nitaimaliza mkuu, nimeapa.

Tuendelee. Baada ya Compulsion alinunua ugomvi na gitaa lake mwenyewe. Akaingia kwenye mashine: kukata vipande vya rekodi za zamani, kuvigandisha upya, kuweka ngoma za kompyuta. Akatoa kazi zake kwa jina la Jacknife Lee, Muy Rico! ikatoka 1999 na Punk Rock High Life 2001. Muziki wa kuchezea, wa utani, hauna hata chembe ya ile hasira ya Compulsion. Pembeni akawa anafanya remiksi za watu.

Nawaombeni mlishike hili la remiksi. Remiksi ni shule ya ajabu. Unapewa wimbo wa mtu umeshakamilika, unaufungua, unakuta gitaa hili peke yake, sauti ile peke yake, kinanda kile hakina kazi. Ukifungua nyimbo hamsini za wenzio unaanza kujua kwa nini mmoja unasimama na mwingine umelala. Yeye aliijua bendi kutoka ndani ya chumba cha mazoezi, na sasa anaijua kutoka kwenye mashine. Watu wenye yote mawili hawakuwa wengi.

Ndipo wakaja Snow Patrol. Hawa ni vijana wa Ireland ya Kaskazini waliokutana chuoni Dundee, Scotland, 1994. Walitoa albamu mbili hazikwenda popote, na 2001 kampuni yao ikawatema. Gary Lightbody, mwimbaji, alifikia kuuza santuri zake ili aishi. Wewe unayesoma hapa na una santuri ndani unajua hilo linauma kiasi gani.

Kampuni ya rekodi ya Fiction ikawaokota, na Lee akakaa kwenye kiti cha prodyuza. Final Straw ikatoka 2003, na mwanzoni mwa 2004 wimbo wao Run ukafika namba 5 Uingereza. Wakarudi naye kwa Eyes Open, 2006, wakirekodi Grouse Lodge, studio iliyomo kwenye majengo ya shamba huko Westmeath, katikati ya Ireland. (Michael Jackson naye alijificha hapo hapo mwaka huo huo. Namwazia alivyokuwa akipishana na ng'ombe asubuhi.)

Kwenye Eyes Open ndimo ulimo Chasing Cars. Vaeni hedifoni muusikilize. Gitaa linadonoa noti chache zilezile tangu sekunde ya kwanza. Kodi za gitaa (chords) ni tatu, mtoto wa shule ya Jumapili anazipiga. Sauti ya Lightbody iko karibu kama anakunong'oneza, na kwa muda mrefu hakuna linalotokea. Hapo prodyuza mwenye wasiwasi angeshajaza vinanda na ngoma. Huyu kaacha. Mambo yanaingia kidogokidogo, na karibu na mwisho ukuta wote unakuangukia, halafu gitaa linabaki tena peke yake. 2019 shirika linalokusanya mirabaha ya rekodi Uingereza, PPL, lilitangaza kwamba ndio wimbo uliopigwa kuliko wote redioni nchini humo katika karne hii.

---

Biti Kali TZ

Samahani mkuu, mi naona unampamba. Wimbo kaandika Lightbody na wenzie, gitaa kapiga mtu wa bendi, sauti ya Lightbody. Huyo Lee kafanya nini? Huku kwetu tukisema prodyuza tunamaanisha mtu kakaa chini kaunda biti. P-Funk, Master J, unasikia mkono wao kabla msanii hajafungua mdomo. Huyo wa kwako kasema "acheni hivyohivyo" kalipwa?

---

Fundi wa Kwaya

Biti Kali, ngoja nikujibu mimi maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Nina kistudio Mwanza, chumba kimoja, magodoro ukutani. Narekodi kwaya na bendi za harusi. Kwaya haiji kutaka biti, wanakuja na kinanda chao, besi yao, sauti nne na mwalimu wao. Mimi ni nani hapo? Mwezi uliopita imekuja kwaya moja na wimbo wa dakika tisa. Utangulizi wa kinanda peke yake dakika moja na nusu. Beti ya tatu inarudia ya kwanza, wamebadilisha jina la nabii tu. Soprano watatu wanaimba vizuri, wa nne anawazidi sauti wote, na ni mke wa mwenyekiti.

Nikarekodi kila kitu kama walivyotaka. Wakasikiliza, wakanyamaza. Mwalimu akaniuliza, "Mbona unachosha?" Nilikuwa najua kwa nini unachosha tangu mazoezi, ila sikusema. Hapo ndipo nilipofeli kama prodyuza, na sikufeli kwa kukosa biti. Nilifeli kwa kuogopa kufungua mdomo.

Kusema "acheni hivyohivyo" kwa bendi yenye haraka ya kujaza, au kusema "toeni hii" kwa watu wanaoipenda, hiyo ni kazi. Na unaifanya mbele ya watu wanaokulipa.

---

Biti Kali TZ

Nimekuelewa kiasi. Endelea Kinanda.

---

Kinanda Mbovu

Fundi, umenirahisishia, maana nilikuwa nafika kwenye R.E.M. na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwanza U2, haraka tu. How to Dismantle an Atomic Bomb, 2004. Albamu ile ilipita mikono mingi: walianza na Chris Thomas, baadaye Steve Lillywhite akaitwa, wamo pia Flood, Daniel Lanois, na Lee miongoni mwao. Februari 2006 ikachukua Grammy ya Albamu ya Mwaka na maprodyuza wakapata mgao wao. Kijana aliyesainiwa enzi zile wanatafuta U2 mwingine akaja kupata Grammy na U2 wenyewe. Lakini siwezi kukwambia kwa uaminifu kipi pale ni chake, kwa sababu jikoni walikuwa wengi.

R.E.M., bendi ya rock ya Marekani, ni tofauti. 2004 walitoa Around the Sun, karibu dakika 55, polepole, imepolishwa mpaka imekosa ngozi. Mpiga gitaa wao Peter Buck mwenyewe hakuificha kutoridhika kwake. Bendi ya zaidi ya miaka ishirini, kila mtu anajiuliza kama basi. Ni The Edge, mpiga gitaa wa U2, aliyewapa jina la Lee.

Kiangazi cha 2007 wakapanga Olympia, ukumbi wa zamani pale Mtaa wa Dame, Dublin, usiku tano. Wakawaambia watu mapema kwamba haya ni mazoezi, sio onyesho. Nyimbo mpya hazijakamilika, mwimbaji wao Michael Stipe anasoma mashairi kwenye kompyuta yake jukwaani, mashabiki wako mita chache. Wazee waliozoea kujaza viwanja wanakosea mbele za watu na kuanza tena. Mambo ya usiku zile yakatolewa baadaye kama Live at the Olympia, nyimbo 39.

Wimbo ukiupima mbele ya watu waliosimama hujidanganyi. Ukichosha, unaona mtu anaelekea kaunta. Studio haina mtu wa kuelekea kaunta. (Fundi hapo juu, kwaya yako ilitakiwa iuimbe kwanza kwenye mkesha!)

Wakarekodi kwa vipindi vifupi, Vancouver, Ireland na kwao Athens, Georgia. Accelerate ikatoka 2008, haifiki dakika 35. Kutoka 55 kwenda chini ya 35. Wakaendelea naye kwa Collapse into Now, Machi 2011, na Septemba mwaka huo bendi ikavunjwa kwa heri, bila matusi.

---

Shangazi Santuri

Wanangu, mimi nina miaka 58 na R.E.M. nimewasikiliza tangu niko Leeds nasoma. Accelerate nilifurahi kuipata, lakini mbona inapiga kelele hivi? Kila kitu kiko mbele, hakuna pa kupumzikia sikio. A Weekend in the City ya bendi ya Bloc Party, 2007, ni yuleyule Lee, na ni vilevile: imejazwa hadi mlangoni. Albamu yao ya kwanza ilikuwa na hewa, unasikia mpiga ngoma amekaa wapi. Kinanda, unasema sifa yake ni kupunguza. Hapo alipunguza nini?

---

Kinanda Mbovu

Shikamoo shangazi.

Umenikamata kwenye Bloc Party, sitabisha. Nyimbo alizipunguza urefu, sauti akaziongeza uzito. Enzi zile kila mtu alikuwa anashindana nani rekodi yake inapiga juu zaidi, na yeye hakusimama pembeni. Kuna nyimbo pale nazipenda, lakini ukimaliza albamu nzima kichwa kinawanga.

Katikati hapa napita haraka kwa sababu orodha ni ndefu: Editors, Weezer, nusu ya albamu ya kurudi ya The Cars 2011, Two Door Cinema Club kuanzia Beacon ya 2012. Akahamia California, milimani Topanga nje ya Los Angeles. Wapenzi wa Taylor Swift, ule wimbo wa Red ambao anaimba na Lightbody, The Last Time, ni mkono wake. 2017 akafanya Wonderful Wonderful ya The Killers, ikawa albamu yao ya kwanza kukaa namba moja Marekani. Mle ndani, wimbo The Man una kipande cha Kool & the Gang kimekatwa na kushonewa. Yule kijana wa kukata rekodi za zamani hakufa.

Angeweza kuishia hapo akanenepa. Kilichonifanya niandike uzi ni kilichofuata, na kinatuhusu Waafrika.

---

Mtoto wa Virunga

Jambo kwenu wote, mimi niko Goma, nasoma kimyakimya tangu juu. Kinanda, kabla hujaingia Afrika nikukumbushe kwamba Lee hakuwa Mwairishi wa kwanza wa Dublin kupita njia hii.

Kuna Liam Farrell, wanamwita Doctor L. Kazaliwa Dublin, baba yake mchoraji Micheal Farrell, akakulia Paris. Mpiga ngoma, akafanya kazi na kundi la rap la Assassin, kisha na Tony Allen, mpiga ngoma wa Afrobeat, kwenye albamu ya Black Voices ya 1999. Halafu akaja kwetu Kongo. Mnakumbuka Staff Benda Bilili, wale wazee wa Kinshasa wa viti vya magurudumu, waliougua polio? Kundi lilipogawanyika, Coco Ngambali na Theo Nzonza wakatoka, wakaunda Mbongwana Star pamoja na huyo Doctor L. Mbongwana kwa Kilingala ni mabadiliko. From Kinshasa ikatoka 2015. Kwenye wimbo Malukayi wamo kundi la Konono No. 1 na likembe zao za umeme, vile vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba.

Ile sauti yake ni kama spika imemwagiwa mchanga, makusudi kabisa. Kuna wazee wa rumba hapa kwetu hawaitaki hata kuisikia. Mimi naipenda.

---

Kinanda Mbovu

Ahsante sana ndugu, na umefungua mlango wenyewe. Huyo Doctor L ndiye aliyetengeneza albamu mbili za kwanza za Les Amazones d'Afrique, lile kundi la akina mama lililoanzia Mali, République Amazone ya 2017 na Amazones Power ya 2020. Ya tatu, Musow Danse ya 2024, ni Jacknife Lee. Kundi moja la wanawake wa Afrika Magharibi, kijiti kimetoka kwa Mdublin mmoja kwenda kwa mwingine!

Lee aliingia kupitia Rokia Koné, mmoja wa Les Amazones, yule wanayemwita Waridi la Bamako. Sauti za Rokia zilikuwa zimerekodiwa tayari. Lee akapelekewa faili Topanga, dunia nzima imefungwa na korona, na mpaka albamu inakamilika wawili hao hawajawahi kukutana ana kwa ana. Albamu ni BAMANAN, kampuni ya rekodi Real World, Februari 2022. Wimbo N'yanyan ulirekodiwa Bamako siku zilezile za mapinduzi ya Agosti 2020, jeshi linamwondoa Rais Keïta. Kausikilizeni usiku, taa zimezimwa. Sauti ya mama yule iko katikati, chini yake kinanda kimetandazwa kama shuka jepesi, na basi. Hakuna ngoma. Mtu aliyetuumiza masikio na Accelerate ndiye huyuhuyu.

Shangazi, naomba uanze na huo halafu unipe hukumu.

---

Mwana wa Gezaulole

Hapa nina neno. Mzungu yuko zake Topanga, anapokea sauti ya mama wa Mali, anaweka vinanda vyake, anauza kama kazi yake. Hizi hadithi tunazijua.

---

Mtoto wa Virunga

Swali ni halali. Ila tazama jalada la BAMANAN: majina ni mawili, la Rokia limetangulia. Na sio kila mtu alifanyiwa hivyo huko nyuma, Kongo tuna wazee waliorekodi nyimbo hamsini na hawajawahi kuona jina lao hata kwenye mgongo wa jalada. Kwangu kipimo cha pili ni masikio: ukiondoa vinanda vya Lee, wimbo wa Rokia unasimama? Unasimama. Ukimwondoa Rokia, unabaki na shuka.

---

Kinanda Mbovu

Na naongeza: 2023 Lee alitengeneza Oh Me Oh My ya Lonnie Holley, mzee mchongaji wa Alabama aliyeokota vyuma na takataka akazifanya sanaa, utotoni alifungwa shule ya adhabu ya watoto weusi ya Mount Meigs, na ameuimba mwenyewe unyama wa pale. Mle wanapokezana kipaza sauti naye Michael Stipe na Rokia Koné. Anayemwelewa mmoja hamwelewi mwingine, kwenye albamu moja, na kiungo ni yule mpiga gitaa wa bendi ambayo hakuna aliyeinunua.

---

Shangazi Santuri

Marahaba. Nimesikiliza N'yanyan mara tatu, chai imepoa. Nafuta nusu ya niliyosema. Nusu ya Bloc Party inabaki.

---

Biti Kali TZ

Mi nimeusikiliza Chasing Cars na hedifoni kama ulivyosema. Daah. Nilikuwa na biti hapa ina trak 64, nimezima 20 na msanii hajagundua.

---

Fundi wa Kwaya

Taarifa: nimewapigia wale wa kwaya, wamerudi jana jioni. Utangulizi umekuwa wa sekunde kumi na tano. Beti ya tatu imetoka, mwalimu karidhia. Kuhusu soprano wa nne nilifungua mdomo kwa heshima zote, nikamwomba mama asogee hatua mbili nyuma ya kipaza sauti.

Amesogea. Mwenyekiti ameomba kuuona mkataba wangu.